Risiti za kahawa Kibosho: shajara ya mradi, Agosti hadi Oktoba 2024

19 Agosti

Karani wa kituo alinipigia saa mbili na nusu asubuhi. "Dada, kila nikibonyeza 'chapa' programu inajifunga. Nimezima simu na kuiwasha mara tatu." Nilipofika juu Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na bodaboda, wakulima wapatao arobaini walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakingoja. Karani alikuwa amerudi kwenye kitabu cha kaboni, anaandika kilo kwa kalamu.

Kwa asiyeujua mradi huu: chama cha msingi cha ushirika kinapokea kahawa ya maganda, karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, na printa ndogo ya karatasi ya milimita 58 inatoa risiti. Kilo zilizo kwenye risiti ile ndizo mkulima anazolipiwa malipo ya awali, na ndizo zitakazohesabiwa tena kahawa ikishapita mnadani na malipo ya pili yakaja. Mkulima akishuka bila karatasi, jasho lake la mwaka mzima limebaki kwenye daftari la mtu mwingine.

Kosa ni langu. Google wanataka kila programu inayosasishwa kwenye duka lao iwe inalenga Android 14 kuanzia 31 Agosti. Jumamosi nilipandisha namba ya toleo la Android ambalo programu yetu inalilenga, nikajaribu kwenye simu yangu ya zamani yenye Android 11, risiti ikatoka vizuri, nikatuma toleo jipya. Simu za makarani zina Android 13. Tangu Android 12, iliyotoka mwaka 2021, programu inayotaka kuzungumza na kifaa cha Bluetooth lazima imwombe mwenye simu ruhusa mpya, na mwenye simu aikubali. Programu inayolenga matoleo ya zamani huvumiliwa. Ukishapandisha namba, uvumilivu umekwisha. Kazi ya kuchapa tumeiachia maktaba ndogo huria, yaani kipande cha programu kilichoandikwa na mtu mwingine na kuwekwa wazi kwa yeyote kukitumia, tuliyoichukua mtandaoni miaka miwili iliyopita, na maktaba hiyo haijui kuomba ruhusa hiyo.

Nimehakikisha kumbukumbu zote za simu zimeshapanda kwenye seva, nikaiondoa programu na kuwarudishia toleo la Julai kwa mkono, simu moja baada ya nyingine. Saa saba mchana risiti zilianza kutoka. Waliokuwa wameondoka na karatasi za kaboni nimewaandika majina, na karani ameahidi kuwachapia siku ya kupokea ijayo. Google wanaruhusu kuomba nyongeza ya muda hadi 1 Novemba, nimeomba leo hii.

20 Agosti

Usiku nilifungua ukurasa wa maktaba ile kuona kama kuna mwingine aliyepatwa na shida yetu. Nikakuta ujumbe wa mwenzangu wa ofisini, ameuandika jana mchana mimi nikiwa mlimani. Nimeufasiri hapa: "Programu yako imesimamisha kazi ya ushirika wenye wakulima mamia. Ni aibu kuacha kitu hakifanyi kazi kwenye simu za kisasa. Rekebisheni leo."

Namwelewa. Ana uchungu na kazi, na jana simu zote za lawama aliangukiwa nazo yeye. Lakini asubuhi tulikaa naye na birika la chai, tukaisoma leseni ya maktaba ile kwa pamoja, neno kwa neno. Ni leseni ya MIT, fupi kuliko mkataba wa kupanga chumba. Inasema chukua, tumia, badilisha, gawa, hata uza, mradi ubakishe jina la aliyeandika na maneno ya leseni. Kisha kwa herufi kubwa inasema kitu hiki kimetolewa kama kilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na aliyekiandika hatawajibika kwa hasara yoyote itakayotokana nacho. Mwenzangu alinyamaza kidogo, akasema, "Dada, hii mimi sijawahi kuisoma." Mimi nilikuwa nimeisoma, miaka miwili iliyopita, nikabonyeza na kuendelea. Sijui nani kati yetu ana kosa kubwa zaidi. Nadhani ni mimi.

Nilimweleza pia habari ya xz, kwa sababu ujumbe kama wake una madhara yanayopita utovu wa adabu. Maktaba hiyo ya kubana mafaili imo kwenye mifumo mingi ya Linux, na kwa miaka mingi aliyeitunza alikuwa mtu mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake mwenyewe na bila malipo. Mwaka 2022 akaanza kuandamwa na jumbe za watu wasiojulikana wakilalamika kwamba anachelewa, kwamba hajali, kwamba awapishe wengine. Msaidizi aliyejitokeza wakati huo akapewa funguo kidogo kidogo, na mwanzoni mwa 2024 akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa mwishoni mwa Machi na Andres Freund, mmoja wa wanaoijenga hifadhidata huria ya PostgreSQL, kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine yake kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Waliokuja na ubaya walipita kwenye njia ambayo watumiaji wenye pupa huifungua kila siku. Mtu mmoja aliyechoka, asiyelipwa, anayesukumwa na wageni: hapo ndipo pa kuingilia.

Mwenzangu ameufuta ujumbe na kuandika mwingine wa kuomba radhi. Ameutunga mwenyewe, na mimi sikuugusa.

22 Agosti

Nimepanda kumwona katibu wa chama, kueleza kilichotokea. Nilimwamkia, akanipa kiti, nikaanza kueleza habari za Android na ruhusa na maktaba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, huyo mtu aliyetengeneza hicho kipande, mnamlipa?"

"Hapana, Mzee."

"Mliwahi kumwambia mnakitumia?"

"Hapana."

"Sasa kina nani wanakidai, na wanamdai nani? Sisi tunakudai wewe. Wewe ndiye tuliyekulipa."

Hakusema kwa ukali. Kisha akanipeleka mpaka kwenye mfongo unaopita nyuma ya ofisi. Wachagga wamechimba mifongo hii tangu enzi za mababu, kuleta maji ya mto kwenye migomba na kahawa, na kila mfongo una watu wake. Mvua ikibomoa kingo unapigwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu na jembe lake. Asiyetokea anatozwa, na asiyelipa anaweza kukosa zamu yake ya maji. Katibu alisema akiwa kijana alidhani maji yanakuja yenyewe, mpaka alipotumwa kwenye msaragambo mara ya kwanza akaona urefu wa mfereji kutoka kule juu.

Nimeufikiria mfano huo njia nzima ya kurudi mjini. Unanifaa kwa sehemu tu. Programu huria haina kamati ya kumtoza asiyetokea, na mtumiaji wa elfu moja hapunguzi maji ya mtumiaji wa kwanza. Ndiyo maana ni rahisi sana kunywa miaka miwili bila kushika jembe. Ila kingo zinabomoka vilevile. Android inabadilika, printa zinabadilika, na mtu mmoja aliyechimba mwanzo hawezi kuzunguka mfereji wote peke yake. OpenSSL, maktaba huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilipokutwa na tundu la usalama lililoitwa Heartbleed mwezi Aprili 2014, ilijulikana kwamba mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni zenye mabilioni zilikuwa zinakunywa hapo.

Kwa hiyo najiandikia wazi mgawanyo huu ili nisiuchanganye tena. Mkulima ana haki ya kudai risiti kwa chama. Chama kina haki ya kudai kwetu. Kwetu mnyororo unakatika. Hatuna wa kumdai, kwa sababu tulichopewa ni uhuru wa kukifungua kitu na kukirekebisha, na uhuru huo tumepewa kamili. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983 aliahidi mfumo ambao watu wataweza kuutumia na kugawana kwa uhuru. Kijana wa kukurekebishia printa siku ya kupokea kahawa hakuwamo kwenye ahadi hiyo.

27 Agosti

Siku mbili nzima nimesoma msimbo wa maktaba. Ni mistari isiyofika 1,500, na ningeweza kuisoma wiki ile ya kwanza ya mradi.

Kosa la ruhusa nimelipata haraka. Kuna mahali maktaba inauliza simu, "Je, nina ruhusa ya Bluetooth?", lakini inaulizia ruhusa ya zamani tu. Ikijibiwa ndiyo inaenda moja kwa moja kuomba orodha ya printa zilizounganishwa, na hapo Android mpya inaikatalia, programu inajifunga.

Kilichoninyima usingizi ni kingine. Kila risiti inapochapwa, maktaba inaandika maneno yote ya risiti kwenye kumbukumbu za ndani za simu, kwa ajili ya uchunguzi wa hitilafu. Kwenye risiti zetu kuna jina la mkulima, namba yake ya uanachama, namba ya simu na kilo alizoleta. Mtu yeyote anayeweza kutoa kumbukumbu hizo, kwa mfano fundi aliyepelekewa simu iliyoharibika, anaona nani ameleta gunia ngapi na wapi pa kumpigia. Sina dalili kwamba jambo hilo limetokea. Lakini limekuwa wazi misimu miwili, na msimbo ulikuwa wazi vilevile muda wote huo, ukingoja mtu wa kuusoma.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Inamtazama anayekusanya na anayechakata taarifa za watu. Hao ni chama na sisi. Haimtazami mtu wa nchi ya mbali aliyeandika mstari wa uchunguzi kwa ajili ya majaribio yake mwenyewe. Nimemwandikia katibu barua ya ukurasa mmoja kueleza nilichokiona na nitakavyokiziba. Ilikuwa barua ngumu kuandika.

30 Agosti

Hesabu ya vipande. Ukiniuliza mwezi uliopita tunategemea maktaba ngapi ningesema ishirini hivi. Tulizoziweka kwa mikono yetu ni 19. Lakini kila moja inabeba nyingine mgongoni, na orodha kamili imefika 214. Mwenzangu ameipanga kwenye jedwali: jina, toleo, leseni, lini iliguswa mara ya mwisho, na inafanya kazi gani kwetu. Nne hazijaguswa kwa zaidi ya miaka mitatu. Moja inapanga tarehe tu, nayo nimeitoa na kuandika mistari sita yangu.

Hifadhidata yetu ni PostgreSQL 12. Watu wa PostgreSQL wanatangaza mapema kabisa kwamba kila toleo kubwa wanalihudumia miaka mitano, na la 12 lilitoka Oktoba 2019, hivyo Novemba hii linafikia mwisho. Hakuna aliyetuficha. Tarehe iko kwenye tovuti yao tangu siku ya kwanza. Tutahama kwenda 16 msimu ukitulia, kwa sababu kugusa hifadhidata katikati ya ununuzi ni kurudia kosa la Jumamosi ile.

Jambo la tatu ni la 12 Mei. Siku ile nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikadorora nchi nzima, tulikuwa tunataka kujenga toleo dogo na hatukuweza, kwa sababu vile vipande 214 vyote vinavutwa kutoka nje kila tunapojenga kwenye mashine mpya. Tulilaumu nyaya. Kumbe tungekuwa na nakala zetu kwenye diski hapa ofisini, tungeendelea na kazi. Leo nakala zipo, na toleo la kila kipande limefungwa kwa namba kamili ili kisibadilike bila sisi kukusudia. Nimejenga programu nzima nikiwa nimechomoa waya wa mtandao. Imechukua dakika 11.

11 Septemba

Tumetengeneza tawi letu la maktaba, yaani nakala yetu tunayoirekebisha wenyewe. Mabadiliko ni mistari 38: kuomba ruhusa mpya kwenye Android 12 na kuendelea, kutoa ujumbe unaoeleweka mtu akikataa badala ya kujifunga, na kuzima uandishi wa risiti kwenye kumbukumbu isipokuwa mtengenezaji auwashe mwenyewe. Tumejaribu kwenye simu nne, kuanzia Android 9 hadi 14, na printa tatu. Mmoja wa makarani alishuka mjini kutusaidia, na yeye ndiye aliyegundua kwamba mtu akikataa ruhusa mara mbili, simu haimwulizi tena. Lazima aelekezwe kwenye mipangilio. Sisi wawili hatukuliwaza hilo.

Tungeweza kuishia hapo. Tawi letu linafanya kazi, wakulima watapata risiti. Lakini tukikaa na tawi letu kimya, kila atakayekuja baada yetu ataanguka kwenye shimo lile lile, na kila toleo jipya la mtunzaji tutalazimika kulishona upya na viraka vyetu. Kwa hiyo nimemtumia mabadiliko yale. Nimeandika tunatumia wapi, simu zipi, printa zipi, kilichotokea, hatua za kukirudia, na kwa nini tumechagua njia hii. Suala la kumbukumbu za risiti nimemwandikia pembeni kwa barua pepe kwanza, nisilitangaze kabla hajapata nafasi ya kuliona.

Mistari ya mwisho ya maelezo niliandika hivi: tumenufaika na kazi yako miaka miwili bila kukwambia, asante.

17 Septemba

Hakuna jibu. Mwenzangu anafungua ukurasa kila saa. Nimemwambia aache. Programu yetu haimngojei mtu, tawi letu lipo.

23 Septemba

Amejibu. Ameandika kwa upole, amesoma kila kitu. Amesema alibadilisha kazi na hana tena printa hata moja ya kujaribia, ndiyo maana alikuwa anaogopa kugusa chochote asije akaharibia watu. Hakujua kama kuna mtu anaitumia kwenye ushirika wa wakulima. Ameomba tuyagawe mabadiliko mara mbili, la kumbukumbu peke yake ili alitoe haraka, na la ruhusa peke yake. Nilitaka kubisha kwamba yanahusiana, kisha nikaona ana haki. Yeye ndiye atakayekuwa na jina lake kwenye toleo, na mabadiliko madogo yanasomeka. Nimeyagawa usiku huo huo.

Ujumbe wa kwanza wa mwenzangu alikuwa ameuona kabla haujafutwa. Alisema ameshazoea. Neno hilo limeniuma kuliko angetukana.

2 Oktoba

Kikao cha bodi ya chama. Nilipeleka mambo mawili.

Kwanza, kifungu kipya kwenye mkataba wetu, kwa Kiswahili kinachosomeka na mjumbe yeyote: programu zote za watu wengine ambazo sisi tumechagua kuzitumia ni jukumu letu mbele ya chama, na zikishindwa hatutasema ni kosa la aliyezitoa bure. Hakuna toleo jipya litakalowekwa siku ya kupokea kahawa wala siku moja kabla yake. Kila toleo litajaribiwa kwanza kwenye simu ya karani. Kitabu cha kaboni kitabaki kituoni. Kifungu kimepita, ila mjumbe mmoja aliomba iongezwe kwamba mkulima apewe risiti ya simu ndani ya siku saba kama siku hiyo aliandikiwa kwa mkono. Nimekubali, ni haki yake.

Pili, niliuliza kama chama kingependa kuchangia kiasi kidogo kwa watunzaji wa programu huria tunazozitegemea. Bodi imekataa. Mwenyekiti alisema fedha ya mkulima haitoki kwenda kwa mtu ambaye mkutano mkuu haumjui. Niliumia kwa muda mfupi, halafu nikaona wamesema kweli. Mchango huo unapaswa kutoka kwenye ada tunayolipwa sisi, kwa kuwa sisi ndio tuliokwepa kazi ya miezi mingi kwa kukichukua kipande kile. Kuanzia mwezi huu tunatenga siku mbili za kazi kila mwezi kwa ajili ya maktaba tunazozitegemea: kujaribu, kuripoti, kuandika maelezo, kurekebisha tunapoweza. Kwa ofisi ya watu wawili, siku mbili ni nyingi.

9 Oktoba

Toleo jipya la maktaba limetoka juzi, mabadiliko yetu yote mawili yakiwamo. Tumeacha tawi letu na kurudi kwenye toleo la wote. Jana jioni tumeweka programu kwenye simu za makarani, na kumbukumbu za zamani zimefutwa mbele ya katibu.

Leo haikuwa siku ya kupokea, lakini karani amefungua kituo kwa ajili yangu. Tumepima gunia moja la mchanga, akaingiza kilo 48, simu ikamwomba ruhusa kwa Kiswahili, akakubali, printa ikatoa karatasi. Ameikunja na kuiweka kwenye droo pamoja na vile vishina vya kaboni vya tarehe 19.

Mtunzaji ameuliza kama tunaweza kumjaribia printa za milimita 80, kwa sababu mtu mwingine ameripoti kwamba herufi zinakatwa pembeni. Hatuna. Duka moja la vifaa pale mjini, mtaa wa Double Road, wanayo moja kaunta, na mwenye duka amekubali tuitumie Jumatatu kabla hajafungua. Mwenzangu ndiye atakayekwenda, ameomba mwenyewe.